Kumsawiri Mhusika Transjenda kwa Heshima: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi wa Hadithi na Riwaya

Mhusika transjenda anapotokea katika hadithi, mara nyingi huwa amekwisha kupangiwa kazi moja kati ya tatu. Ama ni siri itakayofichuliwa ili msomaji ashtuke, ama ni maiti itakayowafundisha wengine huruma, ama ni kichekesho cha kupita. Katika kazi zote tatu yeye mwenyewe hana analolitaka, hana anachokipenda, wala hana kosa lililo lake. Yupo kwa ajili ya hisia za watu wengine. Mwongozo huu unamhusu mwandishi anayetaka kumwandika mtu kamili, awe mhusika mkuu au mpita njia wa ukurasa mmoja. Naamini heshima kwa mhusika huyu haikai katika hotuba za kumtetea, wala haikai katika kumfanya malaika. Inakaa katika sauti ya msimulizi: msimulizi anajua nini, anakisema lini, na anakisema kwa maneno gani. Wahusika wengine wanaweza kumtukana, kumkosea na hata kumfukuza nyumbani, na hadithi ikabaki ya heshima. Msimulizi akimkana, hadithi nzima imemkana.

Hatua ya kwanza: Mfahamu unayetaka kumwandika

Mtu transjenda ni yule ambaye jinsia anayojitambua nayo haiwiani na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Mwanamke transjenda aliandikwa mvulana alipozaliwa, naye ni mwanamke. Mwanamume transjenda aliandikwa msichana, naye ni mwanamume. Wapo pia wasiojitambua kuwa mwanamke wala mwanamume. Maelezo haya ni mafupi, lakini waandishi wengi huyaruka na kuchanganya mambo ambayo hayafanani. Jinsia ya mtu si sawa na mvuto wake wa kimapenzi, kwa hiyo mwanamke transjenda anaweza kuwapenda wanaume, kuwapenda wanawake, au kutokuwa na haja ya mapenzi kabisa. Huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ya mwili yasiyoangukia moja kwa moja upande wa kike au wa kiume, ana historia yake na mahitaji yake, na hapaswi kutumiwa kama kisingizio cha kumfanya mhusika transjenda akubalike kwa msomaji. Msichana wa hadithi za kale anayevaa nguo za kiume ili aende vitani, kisha akafurahi kuzivua vita vinapokwisha, ni mhusika wa aina nyingine kabisa: yeye alijificha, ilhali mhusika transjenda anapobadilisha mavazi na jina kwa kawaida ndipo anapoacha kujificha.

Ujue pia msimamo wa tiba, kwa sababu wahusika madaktari hutokea sana katika hadithi hizi. Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa la Shirika la Afya Duniani, lililoidhinishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, liliutoa utransjenda katika sura ya matatizo ya akili na kuuweka katika sura inayohusu afya ya kijinsia. Huko Marekani, mwongozo wa madaktari wa akili wa mwaka 2013 ulikuwa umeshaacha kuuita utambulisho wenyewe ugonjwa, ukabakiza dhiki ambayo mtu anaweza kuipata kwa sababu ya kutowiana huko. Daktari wa hadithi yako anaweza kuwa mtu wa mawazo ya zamani, maana madaktari wa namna hiyo wapo. Lakini kama hadithi inatokea mwaka 2024 na daktari huyo anazungumza kama kitabu cha mwaka 1980, basi matini yenyewe ioneshe kwamba inalijua hilo, hata kwa sentensi moja ya muuguzi anayemtazama kwa kutokubaliana naye.

Hatua ya pili: Mpe anachokitaka kabla ya kumpa jinsia

Chukua karatasi uandike mhusika wako anataka nini, anaogopa nini, anajua kufanya kazi gani kwa mikono yake, anamwonea nani wivu, na alimkosea nani. Usiandike neno lolote kuhusu utransjenda wake mpaka karatasi hiyo ijae. Ukikuta kwamba huwezi kujaza hata nusu ukurasa, basi hujapata mhusika bado. Umepata mada, na mada haiwezi kubeba riwaya. Baada ya hapo rudi kwenye kila jibu na ujiulize jinsia yake imeligusa vipi. Majibu mengine yatabadilika sana, mengine hayatabadilika hata kidogo, na mchanganyiko huo ndio unaofanana na maisha.

Tuchukue mfano tutakaokwenda nao hadi mwisho. Rehema ni fundi wa saa, mwanamke transjenda wa miaka 38. Baba yake alikuwa fundi wa saa pia, na amekufa bila wosia. Kaka yake anataka kuuza karakana. Rehema anataka kuichukua, kwa sababu ndimo alimojifunza kazi na kwa sababu anajua hakuna mtu mwingine anayeweza kuimaliza saa kubwa ambayo baba yake aliiacha imefunguliwa mezani. Ana kiburi cha ufundi, hapendi kuomba, na aliwahi kumdanganya kaka yake kuhusu fedha. Hadithi hii ingekuwepo hata kama Rehema asingekuwa transjenda. Utransjenda wake unaifanya iwe ngumu zaidi: karatasi za urithi zina jina aliloliacha, na kaka yake anaweza kulitumia jina hilo kama silaha. Hapo jinsia imeingia kwenye msuko kupitia mlango wa jambo analolitaka, badala ya kusimama pembeni kama maelezo.

Walimu wetu wa fasihi walitufundisha kutofautisha wahusika bapa, wenye sifa moja isiyobadilika, na wahusika duara, wenye sura nyingi kama watu halisi. Mhusika transjenda hupewa ubapa wa aina mbili, na wa pili hauonekani kwa urahisi. Wa kwanza ni ubapa wa chuki: mdanganyifu, mhalifu, kichaa. Wa pili ni ubapa wa huruma: mvumilivu, msamehevu, mwenye hekima, asiyekasirika hata akitemewa mate. Mwandishi mwenye nia njema huangukia huu wa pili, na hasomi tena alichokiandika kwa sababu anaona amemtendea wema. Mpe mhusika wako haki ya kukosea. Rehema kumdanganya kaka yake kuhusu fedha si doa katika usawiri. Ni sababu mojawapo ya msomaji kumwamini.

Hatua ya tatu: Fanya utafiti hadi kwenye mambo madogo

Anza na maandishi ya watu transjenda wenyewe: tawasifu, hadithi, insha, mahojiano marefu. Soma ya watu wa umri tofauti na wa nchi tofauti, kwa sababu aliyekua kabla ya intaneti hana kumbukumbu sawa na aliyepata maelezo yote kwenye simu akiwa na miaka 13. Ukimaliza kusoma ndipo uende kwa watu, na uende na maswali ambayo vitabu havikujibu. Usimuulize mtu kuhusu viungo vyake vya siri. Kama huwezi kumuuliza swali hilo jirani yako, huna ruhusa ya kumuuliza yeye. Akikusimulia tukio la maisha yake, liombe kabla ya kulitumia, na ulibadilishe kiasi kwamba jamaa zake hawawezi kumtambua, kwa kuwa kutambuliwa kunaweza kumgharimu kazi, nyumba au uhai.

Kuhusu mwili, makosa ya waandishi yanafanana mno. La kwanza ni ile inayoitwa "operesheni", kana kwamba ni moja, inafanyika usiku mmoja, na mtu anaamka akiwa mwingine. Ukweli ni kwamba upasuaji upo wa aina kadhaa, watu wengi hawafanyi hata mmoja, wengine kwa sababu ya gharama, wengine kwa sababu ya afya, na wengine kwa sababu hawauhitaji. La pili ni kudhani homoni hufanya kazi kwa usawa pande zote. Mwanamume transjenda anayetumia testosteroni huanza kusikia sauti yake ikishuka ndani ya miezi michache, na sauti hiyo hairudi juu hata akiacha dawa; hedhi kwa kawaida hukoma katika miezi ya mwanzo, ilhali ndevu zinaweza kuchukua miaka kujaa. Kwa mwanamke transjenda, estrojeni hulainisha ngozi na kukuza matiti polepole kwa muda wa miaka miwili au mitatu, lakini haiipandishi sauti iliyokwisha kuvunjika wakati wa balehe, wala haiziondoi ndevu zilizokwisha kuota. Ndevu huondolewa kwa leza au kwa sindano ya umeme, kwa vipindi vingi na kwa maumivu. Sauti hufundishwa kwa mazoezi ya kila siku.

Kwa mwandishi, ukweli huu mdogo una thamani kuliko hotuba yoyote. Kutokana nao unapata tukio la Rehema akiwa peke yake karakanani, akitamka "halo" mara nne kwa urefu tofauti wa sauti kabla hajapiga simu benki, kisha mhudumu wa upande wa pili anamwita "bwana" hata hivyo, naye anaamua ndani ya sekunde moja kama atamsahihisha au atamaliza shida yake kwanza. Hakuna machozi hapo, hakuna ufafanuzi, na msomaji ameelewa.

Karatasi nazo zina drama yake. Nchini Argentina, tangu sheria ya mwaka 2012, mtu hubadilisha jina na jinsia katika kitambulisho kwa tamko lake mwenyewe, bila jaji wala daktari. Nchini India, Mahakama ya Juu iliitambua jinsia ya tatu kwa hukumu ya Aprili 2014. Kwingine mtu hana njia yoyote, au ana njia ya mahakama inayochukua miaka. Kwa hiyo kabla ya kuandika tukio la uwanja wa ndege, hospitali, benki au kituo cha kura, hakikisha unajua sheria ya mahali na ya mwaka wa hadithi yako. Mhusika ambaye kitambulisho chake hakifanani na uso wake huishi kwa kupanga: anakwenda dirisha la mhudumu anayemfahamu, anafika mapema foleni ikiwa fupi, anabeba barua ya ziada ndani ya bahasha.

Kama hadithi ni ya zamani, chunga maneno na dawa. Taasisi ya daktari Mjerumani Magnus Hirschfeld mjini Berlin ilikuwa ikiwahudumia watu wa namna hii tangu mwaka 1919 hadi iliposhambuliwa Mei 1933 na vitabu vyake kuchomwa moto hadharani. Habari za Christine Jorgensen, Mmarekani aliyetibiwa Denmark, zilienea magazetini Desemba 1952. Mhusika wa mwaka 1955 anayesoma magazeti anaweza basi kuwa na picha ya jambo linalowezekana. Mhusika wa mwaka 1870 hana homoni wala istilahi, ana maisha yake tu na njia za kuyaishi. Wapo watu wa kweli wa kutafakari: James Barry, daktari wa jeshi la Uingereza, aliyefanya upasuaji wa kumzalisha mama mjini Cape Town mwaka 1826, mama na mtoto wakapona, aliishi kama mwanamume kwa zaidi ya miaka 50 hadi alipofariki London mwaka 1865, ndipo ikasemwa kwamba alizaliwa na mwili wa kike. Wanahistoria wanabishana kuhusu namna ya kumweleza. Katika riwaya, ushauri wangu ni kufuata jina na jinsia ambayo mtu mzima huyo aliishi nayo mwenyewe kila siku, na kuyaacha mabishano yawe ya wahusika wanaomzunguka.

Hatua ya nne: Panga lugha ya msimulizi

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Sarufi ya Kiswahili haimlazimishi msimulizi kutaja jinsia: "alikuja", "akamwambia" na "yeye" ni vya kila mtu. Kwa sababu hiyo, kila mara jinsia inapotajwa katika hadithi ya Kiswahili, imetajwa kwa uamuzi wa mwandishi, na uamuzi huo unaonekana. Uzito wote unahamia kwenye maneno ya udugu na ya kuitana: kaka, dada, shangazi, ami, mjomba, binti, bwana, bibi, na pia katika kuoa na kuolewa. Tengeneza orodha ya maneno hayo kwa ajili ya muswada wako, na mbele ya kila neno andika nani analitumia kwa mhusika wako, na tangu lini. Orodha hiyo yenyewe itakuonesha hadithi ambayo hukuwa umeiona. Katika familia ya Rehema, mke wa kaka yake anaweza kumwita "shemeji", yaani ndugu wa kiume wa mume wangu, au "wifi", yaani dada wa mume wangu. Watoto wa kaka wanaweza kumwita "baba mdogo" au "shangazi". Siku mtoto anapopaza sauti kutoka uani akimwita "shangazi" bila kuambiwa na mtu, umepata kilele ambacho hakihitaji maelezo.

Kanuni ya msimulizi wa nafsi ya tatu ni rahisi kuisema na ngumu kuishika: amtaje mhusika kwa jina lake la sasa na kwa jinsia yake wakati wote, hata katika kisengere nyuma, yaani hadithi inaporudi kwenye mambo yaliyopita. "Rehema alipokuwa na miaka saba" ni sahihi, ingawa wakati huo nyumbani walimwita kwa jina jingine. Usiandike "wakati Rehema alipokuwa mwanamume", wala "aliyezaliwa mwanamume", maana hapo msimulizi amechukua upande wa karatasi dhidi ya mtu. Ukihitaji kutaja alivyoandikishwa, sema hivyo hivyo, kwamba aliandikwa mvulana, au kwamba walimlea kama mvulana. Msimulizi wa nafsi ya kwanza ambaye mwenyewe ni transjenda ana uhuru mkubwa zaidi. Wapo wanaosema "nilipokuwa mvulana" na wapo wasiovumilia kusikia maneno hayo. Amua mhusika wako ni yupi na ushikilie, kwa sababu hiyo ni tabia yake kama ilivyo namna yake ya kucheka.

Jina aliloliacha mhusika halina ulazima wa kuchapishwa popote katika kitabu. Mwandishi hudhani msomaji atahisi kuna pengo, lakini msomaji hahisi hivyo. Unaweza kuandika kwamba kaka alimwita kwa jina la zamani, kwamba herufi za jina hilo zilikuwa kwenye hati ya urithi, kwamba alilisikia akageuka kabla hajajizuia, na katika yote hayo jina lisionekane. Msomaji atakuwa amewekwa upande wa Rehema, kwani naye hatakuwa na jina jingine la kumwita.

Katika mazungumzo, waache watu waseme wanavyosema watu. Ila tofautisha makosa yao. Anayekosea kwa chuki hurudia neno na kulikazia. Anayekosea kwa mazoea hujikwaa na kujirekebisha katikati ya sentensi: "Mwambie kaka... mwambie dada yako aje ale." Asiyejua hukosea kwa utulivu, bila kusita, na akiambiwa huuliza swali. Ukiwafanya wote watatu wazungumze kwa sauti moja umepoteza nusu ya hadithi. Na matusi yenyewe hayahitaji kurudiwa kila ukurasa; tusi likisikika mara moja kwa mtu sahihi na kwa wakati sahihi, msomaji hatalisahau.

Hatua ya tano: Mjulishe msomaji bila kumtega

Kwa kuwa lugha yetu inaweza kuficha jinsia kwa kurasa nyingi bila jasho, kishawishi cha kuificha hadi mwisho ni kikubwa. Kikatae. Hadithi inayomaliza kwa kufichua kwamba "mwanamke yule alikuwa mwanamume" inamwambia msomaji kwamba mhusika alikuwa akimdanganya, ilhali aliyekuwa akificha ni mwandishi. Sinema ziliutumia mtindo huo miaka mingi, nguo zikifunguka au polisi wakimvua mtu wigi mbele ya watu, na hofu ya kudanganywa iliyojengwa hivyo imewaumiza watu halisi. Mhusika anaweza kuwa na siri mbele ya wahusika wengine, na taharuki ya siri hiyo ikawa kubwa, mradi msomaji anaijua tangu mapema na anaiogopea pamoja naye.

Tazama tukio lile lile limeandikwa mara mbili. La kwanza:

"Mlango ulifunguliwa, mwanamke mrefu akaingia. Alikuwa amejipamba vizuri, lakini mabega yake mapana na mikono yake mikubwa vilimsaliti. Ndugu wote walinyamaza. Hakuna mgeni aliyejua kwamba Rehema, kwa kweli, alikuwa mtoto wa kiume wa marehemu."

La pili:

"Rehema aliingia na begi la vifaa begani, akaitazama saa ya ukutani kabla hajamtazama mtu yeyote. Ilikuwa imesimama. 'Karibu, wifi,' alisema mke wa kaka yake, akampisha kiti. Kaka mwenyewe hakuinua uso. Alikuwa ameshika picha ya watoto wawili waliovaa kaptura za kitambaa kimoja, na kidole gumba chake kilikuwa kimemfunika yule mdogo. 'Hii saa imesimama tangu lini?' Rehema aliuliza. 'Tangu ulipoondoka,' kaka alijibu, kisha akamwita kwa jina ambalo hakuwa amelisikia kwa miaka kumi na moja."

Katika la kwanza, msimulizi ndiye mpelelezi: anaukagua mwili, anasema umemsaliti mwenyewe, na "kwa kweli" yake inautangaza uongo kuwa ndio ukweli. Katika la pili msomaji amejua jambo lile lile, lakini amelijua kupitia kaptura mbili, kidole gumba na jina lisilochapishwa. Wifi amemtambua, kaka amemkataa, na Rehema ameingia kama fundi. Angalia pia kwamba msimulizi ameandika "watoto wawili". Angeandika "wavulana wawili", aya nzima ingeporomoka.

Hatua ya sita: Mwili, kioo na macho ya wengine

Tukio la mhusika transjenda kusimama mbele ya kioo akiukagua mwili wake limeandikwa kupita kiasi, na kwa kawaida linaandikwa kwa faida ya msomaji mdadisi. Kama kioo ni lazima, mwache atazame kitu anachokitazama mtu mwenye haraka: kola, ufizi wenye ganzi baada ya jino kung'olewa, nywele upande mmoja. Dhiki ya mwili ipo kwa wengi na haipaswi kufutwa, lakini haiwi ya mfululizo. Huja kwa sababu ndogo, kama sauti yako mwenyewe kwenye ujumbe uliorekodiwa. Na kuna furaha, ambayo waandishi huisahau kabisa. Mwanamume transjenda anayenyoa ndevu zake za kwanza, ingawa ni nyuzi chache tu za kutafuta kwa kidole, ana tukio zuri la kuandika kuliko mara mia moja za kulia bafuni.

Usiupime urembo wake kwa kiasi anavyofanana na watu wasio transjenda. "Hungejua kamwe" ni sifa inayotolewa na wahusika wengi wenye nia njema, na unaweza kuwaachia waiseme, ila umwoneshe anavyoipokea.

Hatua ya saba: Usimwache peke yake, na usimuue ovyo

Mhusika transjenda mmoja akiwa peke yake katika riwaya nzima hulazimika kuwawakilisha wote, na mzigo huo humvunja. Mpe rafiki ambaye ni transjenda pia na asiyefanana naye: mzee aliyeishi maisha yake kimya na haoni haja ya kuzungumza, au kijana anayezungumza kila kitu. Wawili hao wakibishana kuhusu jambo lolote, hata bei ya saa, msomaji ataacha kutafuta "mfano wa watu hawa".

Kuhusu kifo, sisemi mhusika transjenda asife. Ukatili dhidi ya watu hawa ni wa kweli. Kila tarehe 20 Novemba majina ya waliouawa husomwa katika nchi mbalimbali, desturi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999 kwa kumbukumbu ya Rita Hester, mwanamke transjenda aliyeuawa Massachusetts, Marekani, Novemba 1998, na ambaye baadhi ya vyombo vya habari viliripoti kifo chake vikimwita mwanamume. Riwaya inayoukwepa ukweli huo inaweza kuwa ya uongo. Lakini jiulize kifo hicho kinamfanyia kazi nani. Kama mhusika anakufa ili kaka yake ajute na msomaji alie, basi umerudi kwenye maiti ya kufundishia. Kama anakufa akiwa na shughuli ambayo haikuisha, na hadithi inaendelea kuibeba shughuli hiyo na jina lake sahihi, msomaji atampoteza mtu. Ukatili wenyewe uandike kwa ufupi na kwa upande wa anayetendewa, bila kuzunguka mwili wake kwa macho ya mtendaji.

Hatua ya nane: Upitie muswada mara tatu

Mara ya kwanza pitia sauti ya msimulizi peke yake. Ruka mazungumzo yote, na kwa kalamu ya rangi zungushia duara kila neno linalotaja jinsia, mwili, mavazi au jina. Kila duara ujiulize kama ungeandika hivyo kuhusu mhusika asiye transjenda anayeingia mlango ule ule. Mara ya pili pitia mazungumzo peke yake, uone nani anakosea, kwa nini, na kama kuna anayebadilika. Mara ya tatu tafuta kurasa ambazo mhusika wako yupo na jinsia yake haitajwi kabisa. Kama hakuna kurasa za namna hiyo, ziandike: mwache atengeneze saa, abishane kuhusu kodi, asahau siku ya kuzaliwa ya rafiki yake.

Kisha mtafute msomaji wa awali ambaye ni transjenda, na ikiwezekana wasomaji wawili, kwa kuwa mmoja hawezi kuwasemea wengine. Mlipe kama unavyomlipa mhariri. Mpe muswada mzima, wala si kurasa za mhusika huyo tu, kwani makosa mengi hukaa katika namna wahusika wengine wanavyomzungumzia asipokuwepo. Akikwambia tukio fulani linaumiza, usikimbilie kulifuta wala kujitetea. Muulize linaumiza wapi, mara nyingi utakuta ni neno moja la msimulizi. Usilitaje jina lake kwenye shukrani bila idhini yake ya maandishi, na usimtumie kama ngao siku wasomaji wakilalamika.

Mambo mawili ya uchapishaji mara nyingi huachiwa watu ambao hawakuisoma kazi yote. Maelezo ya nyuma ya jalada huandikwa na mtu anayetaka kuuza, naye huvutiwa na neno "siri", kwa hiyo omba kuyaona kabla hayajachapwa na hakikisha yanamtaja Rehema kama fundi wa saa anayepigania karakana. Na kama kazi itafasiriwa kwa lugha inayolazimisha kiwakilishi cha kike au cha kiume, mwandalie mfasiri ukurasa mmoja unaoeleza jinsia ya kila mhusika, viwakilishi vya kutumia hata katika matukio ya utotoni, na sehemu ambazo mhusika fulani anakosea kwa makusudi, ili yale uliyoyalinda katika Kiswahili yasipotee katika sentensi ya kwanza ya tafsiri.